Kijana aahidi chuo lini kwenye futiboli ya Marekani? Naomba muongozo

MzaziTX
Wakuu, salaam. Kijana yupo darasa la 11 hapa Texas, anacheza ulinzi, safu ya mbele. Ana ofa tatu za mdomo: mbili za vyuo vya FBS (ngazi ya juu ya futiboli ya vyuo), moja ya FCS (ngazi inayofuata). Kocha wa chuo kimoja anadai mwaka huu wanachukua wawili tu wa nafasi yake na mmoja kishapatikana, kwa hiyo aamue sasa, asingoje ziara za Juni. Kijana anataka kukubali leo hii. Je, akisema ndiyo amejifunga? Asipokubali, anaweza kuvuta muda hadi lini? Ziada: darasa la 9 alisoma Lubumbashi, matokeo yako kwa Kifaransa.

Mpira_na_Karatasi
Mkuu, ahadi ya mdomo haimfungi kijana wala chuo. Kinachofunga ni mkataba wa msaada wa masomo anaousaini akiwa darasa la 12. Ile barua ya zamani, National Letter of Intent, ilifutwa Oktoba 2024, na sasa mkataba huu ndio unaofanya kazi yake: akishausaini, vyuo vingine haviruhusiwi kuendelea kumtongoza. Dirisha la mapema la kusaini hudumu siku tatu, na tangu 2024 linafunguliwa Jumatano ya kwanza ya Desemba. La pili ni Jumatano ya kwanza ya Februari. Ofa ya maandishi hairuhusiwi kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka wake wa darasa la 12. Kwa hiyo zote tatu alizonazo, hata ile inayokuja na haraka, kwa sasa ni maneno.

Sasa hiyo haraka ipime. Mpigie kocha, umuulize hivi hivi: "Kijana akikubali usiku huu, mnampokea?" Akianza kusema aje kambini kwanza, au ngoja aongee na kocha mkuu, ofa haijaiva. Muulize pia nani ametoa neno hilo. Kocha anayezunguka mashule anaweza kugawa ofa nyingi kuliko nafasi zilizopo. Neno la kocha mkuu ndilo lenye uzito. Halafu: ni skolashipu kamili (ada, malazi, chakula, vitabu, gharama za kujikimu) au ni kualikwa tu kikosini bila msaada wa michezo? Ataanza Agosti, au watamsogeza hadi Januari inayofuata ili wapate nafasi? Akiumia goti Septemba, ofa inabaki? Andika majibu na tarehe, kisha siku hiyo hiyo mtumie kocha barua pepe fupi ya kumshukuru ukiyarudia. Si mkataba, lakini aliyeona maneno yake yameandikwa huwa mwangalifu zaidi kuyageuza.

Kuhusu muda, nafasi anayocheza ina maana kubwa. Kwotabeki (mrusha mpira) hawezi kuringa, maana vyuo vingi huchukua mmoja tu kwa mwaka na akishapatikana mlango umefungwa. Walinzi wa safu ya mbele huchukuliwa kadhaa, miili mikubwa ni adimu, na wengi hukomaa wakiwa wamechelewa. Kwa maoni yangu huyu ana nafasi ya kupumua hadi mwisho wa Juni.

Suala la ziara lina njia. Ziara rasmi, ile ambayo chuo kinalipia, inaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Aprili ya darasa la 11. Kikomo cha ziara tano kiliondolewa 2023. Kilichobaki ni moja kwa kila chuo, na unaruhusiwa kurudi kocha mkuu akibadilika. Mwambie kocha: "Tunakuja Aprili, tutajibu baada ya hapo." Anayemtaka kijana kweli atatafuta wikiendi. Akikataa hata hiyo, umeshapata jibu.

Dada_Alama
Kabla ya kocha yeyote, shughulikieni karatasi za Lubumbashi. NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) huhesabu masomo ya msingi 16 kuanzia darasa la 9, na kwa Daraja la I (ngazi yake ya juu, walimo FBS na FCS) wastani wa masomo hayo usipungue 2.3. Mitihani ya SAT na ACT haitakiwi tena na NCAA tangu 2023. Panapowanasa wengi ni hapa: masomo 10 kati ya 16 lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla darasa la 12 halijaanza, na 7 kati ya hayo yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo 10 hufungwa. Kurudia somo ukiwa darasa la 12 hakuzipandishi.

Peleka matokeo ya Kifaransa jinsi yalivyo, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa ya neno kwa neno. Mtafsiri asibadilishe alama kuwa A au B. Hiyo ni kazi ya NCAA yenyewe. Barua kwa Lubumbashi iende sasa. Mkisubiri Novemba, mtakuwa mnafukuzia muhuri wakati wenzenu wanasaini.

Na kama huku aliwekwa kwanza kwenye Kiingereza cha wageni, tazameni orodha ya masomo ambayo NCAA imeyakubali kwa shule yenu. Si kila darasa la aina hiyo linahesabiwa.

MzaziTX
Shukrani sana. Na habari ya malipo, na kocha kufukuzwa?

Benchi_la_Nyuma
Napingana kidogo na mkuu hapo juu kuhusu kupumua. Vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya House ya 2025 (kesi iliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja) vina kikomo cha wachezaji 105, na kocha anajua Januari atapata watu wazima waliokwisha kucheza chuo kupitia dirisha la uhamisho, kwa mwaka 2026 lilikuwa Januari 2 hadi 16. Kwa hiyo nafasi za wanaotoka sekondari zinabana kweli. Mwenye ofa moja ya FBS asiichezee. Wenu ana mbili, basi fungueni orodha ya kikosi kwenye tovuti za vyuo vyote viwili, mwandike kila mlinzi wa safu ya mbele: mwaka gani, na alitoka sekondari au chuo kingine. Kama sita kati ya tisa walihamia, hapo sekondari si chanzo chao cha wachezaji, hata kocha awe mtamu vipi.

Makocha hufukuzwa zaidi Novemba na mwanzoni mwa Desemba, karibu kabisa na dirisha la kusaini. Kocha mkuu akiondoka wiki hiyo, kijana asisaini hadi mpya amwambie mwenyewe kwamba anamtaka. Februari bado ipo.

Malipo: ofa ya mgao wa mapato (pesa ambazo chuo humlipa mchezaji) nayo isomwe na wakili, hasa vipengele vya kurudisha pesa akihama. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) amuone kwanza wakili wa uhamiaji, maana skolashipu haina shida ila malipo ya kazi yanaweza kuvunja masharti ya viza. Mkimbizi au mwenye kadi ya kijani hana kizuizi hicho, na ajaze FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali) pia.

Akishaamua, kijana apige simu mwenyewe, si wewe. Kwanza kocha mkuu anayemkubali, kisha siku hiyo hiyo wale wawili anaowakataa, kabla hajaweka chochote mtandaoni. Makocha huhama vyuo, na huyo anayekataliwa leo anaweza kuwa kwenye benchi la chuo chake baada ya miaka miwili.