Nani aliwafundisha kupanga barua za ofisi kwa spesi?

Wakuu, leo nimekuja nimefura. Mnivumilie, maana huku kazini kila niliyemweleza ameniangalia kama nimepungukiwa.

Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Aya tatu, kichwa, saini, basi. Jana jioni bosi ananiita: "Mbona jina langu liko peke yake ukurasa wa pili?" Kweli bwana. Ukurasa wa kwanza unaishia na "Wako mwaminifu" na pengo la kusaini, kisha unafunua karatasi ya pili, nyeupe pee, juu kabisa kuna jina na cheo, kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nenda sasa kwenye kompyuta ya mwenzangu aliyeiandika: barua hiyohiyo inakaa ukurasa mmoja na nafasi inabaki.

Nikabonyeza ile alama ya ¶, inayoonyesha vitu ambavyo havitoki kwenye printa. Kila spesi inakuwa kinukta. Kabla ya tarehe kulikuwa na vinukta 63. Nimehesabu, wakuu! Mtu mzima, mwenye meza yake na kiti cha kuzunguka, amekaa akagonga spesi mara 63 ili tarehe iende kulia. Anwani yetu pale juu ni mistari minne, na kila mstari una idadi yake ya vinukta. Kwake imenyooka. Kwangu imekuwa ngazi ya kupandia darini.

Sasa nani amwambie kwamba upana wa spesi unategemea fonti, yaani aina ya herufi? Kompyuta isipokuwa na fonti uliyotumia, inachukua nyingine inayoifanania, na hesabu yako ya kidole gumba inafia hapo. Ile rula iliyo juu ya ukurasa si pambo. Chagua mistari yote minne, vuta alama ya ujongezaji (ile inayosogeza mwanzo wa mistari) hadi sentimita 10, kwisha. Sekunde tano.

Kichwa cha barua ndicho kilichonimaliza. Amekisogeza katikati kwa spesi, halafu akachagua mstari mzima na kuupigia mstari chini. Kwa hiyo mstari unaanzia pambizoni, unatembea jangwani hadi ukutane na "YAH:". Barua inaenda kwa mteja hiyo!

Tuje kwenye jina la bosi. Nimelitafutia chanzo nusu saa. Faili lilikuwa limewekwa karatasi ya Letter, ile ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Sisi tunachapa kwenye A4, 210 kwa 297. Mwenzangu aliliandika kwenye A4 yake, kisha mtu mwingine akanakili maneno yote akayabandika kwenye faili jipya lililokuja na Letter, akanitumia mimi hilo. Letter ni fupi kwa milimita 18, yaani mistari mitatu hivi ya fonti ya 12. Jina, cheo, na mstari mmoja mtupu. Ndio hao waliohamia ukurasa wa pili. Na hata bila Letter, kwenye mpangilio wa aya kuna kisanduku cha kuiamuru aya isiachane na inayofuata. Ukikitia tiki kuanzia "Wako mwaminifu" hadi kwenye jina, saini haitabaki yatima. Hakuna anayekigusa.

Programu ya kuandikia nayo haijasalimika leo. Nani aliiambia kwamba kila nikipiga Enta nataka pengo chini yake? Anwani ya mwandikiwa inatoka kama beti za shairi. Dawa ni Shift na Enta, unashuka mstari bila kufungua aya mpya, lakini utajuaje kama hujaambiwa? Halafu ile kujifanya inajua kuandika kuliko mimi: naandika "Bw. na Bi.", inaona nukta, inadhani sentensi imeisha, inaniwekea "Bw. Na Bi." Narudisha. Inarudia. Na kwa kuwa lugha yake imewekwa Kiingereza, barua nzima imepigiwa mistari myekundu kama daftari la mtoro, kiasi kwamba neno nililokosea kweli sikuliona mpaka limechapwa.

Nikakata shauri. Nimefuta spesi zote, nimeweka A4, pambizo sentimita 2.54 pande zote, pengo baada ya aya sifuri kwenye anwani, nimezima herufi kubwa za lazima, nimebadilisha lugha. Nikalihifadhi kama kiolezo, yaani faili la mfano ambalo kila barua mpya inaanzia humo, si faili la kawaida, nikawatumia wote na maelezo mafupi: andikeni ndani yake, msiguse mpangilio. Nikalala vizuri.

Leo asubuhi barua ya kwanza iliyotumia kiolezo changu imerudi kwangu, "naomba uipitie kidogo". Tarehe imesogea kidogo kuliko nilivyoiacha. Nikasema isiwe tabu. Nikabonyeza ¶.

Vinukta 9. Eti "ilikuwa haijafika pembeni vizuri".

Wenye ujuzi, kuna namna ya kufunga sehemu ya juu ya kiolezo ili mtu aandike kwenye mwili wa barua tu? Nimeona mahali wanasema inawezekana kuzuia uhariri na kuacha sehemu chache wazi, nikajaribu, nikajifungia nje mwenyewe na neno la siri nimesahau.

Na anayetaka kuniambia "tuma PDF tu", mkuu, PDF ni ya kumtumia mteja. Mimi nalilia kabla ya kufika huko.