Naombeni ushauri: nimewaonyesha video za usanisinuru, bado wanasema mmea unakula udongo

Madam_wa_Ziwani

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Baiolojia kidato cha pili, shule ya kata huku Ilemela, kandokando ya ziwa. Darasa lina watoto zaidi ya 80. Maabara ni chumba chenye meza na kabati lililofungwa. Vifaa nilivyonavyo ni simu yangu, laptop ya zamani na projekta ya kuazima, ambayo nayo ikihitajika kwenye kikao ndiyo basi tena.

Nilishusha video nzuri tu za YouTube za usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nikawaonyesha. Walitulia kweli, hata wale wa dawati la nyuma. Kesho yake nikauliza: mhindi unapata wapi chakula chake? "Kwenye udongo, madam." Darasa zima! Na mlinganyo wanauimba wote, kabonidayoksaidi jumlisha maji, hawakosei hata namba.

Nisaidieni: kuna programu au tovuti gani isiyokula bando, na niitumieje ili jambo liingie? Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo msiniambie kila mtoto afungue kiungo.

FundiFlashi

Madam, bando lisikuumize kichwa. Tafuta Kolibri, ni ya bure. Siku ukiwa mjini penye Wi-Fi unashusha masomo mara moja, ukirudi shuleni laptop inafanya kazi bila intaneti kabisa. Video za Khan Academy zimo humo. Ongeza na Kiwix, unabeba Wikipedia nzima kwenye flashi. Laptop ya zamani inatosha, ila angalia nafasi ya diski kabla hujaanza kushusha, maana video zinajaza haraka.

Mzee wa Chaki

Fundi umesema vizuri, ila madam hajakosa video. Video anazo, na watoto wamezitazama kama wanavyotazama muvi kibandani.

Mwanangu, hao watoto hawajakosea kizembe. Wamekulia mashambani, wameona mama akimwaga samadi na mhindi ukanenepa. Wewe kwa mfano huo huo ungefikiri nini? Sasa kabla hujawasha projekta, wape kisa cha van Helmont, yule wa Ubelgiji ya leo. Alipanda mche wa mti kwenye chungu chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaupima kwanza. Miaka mitano akawa anamwagilia maji tu. Mti ukatoka kilo 2 na kidogo hadi kilo 77 hivi. Nyamaza hapo. Waulize udongo umepungua kilo ngapi, kila mmoja aandike jibu kwenye daftari, asifute. Wengi wataandika sitini, sabini. Kisha wape jibu: ulipungua kama gramu 57.

Utasikia zogo. Hapo ndipo video inapata kazi, maana sasa wana swali. Na van Helmont mwenyewe alidhani uzito wote umetoka kwenye maji (maandishi yake yalitoka 1648, alikwisha fariki), hewa hakuiwazia. Waambie hivyo, wajue hata wakubwa walihangaika.

Jambo la pili: zima sauti. Zile video ni Kiingereza cha Marekani, mtoto anapambana na lafudhi badala ya jani. Simulia wewe, simamisha, uliza, endelea.

Dada Maabara

Nakubaliana na mzee, naongeza upande wa simu. Simu yako, madam, kwangu mimi ni darubini zaidi kuliko televisheni. Fanya jaribio la viputo, ulirekodi.

Ziwa liko mlangoni kwako. Magugu maji yale yanayoelea usiyachukue, majani yake yako hewani. Unataka mmea unaoishi chini ya maji, wenye shina laini na majani membamba yaliyozunguka kila pingili. Wa namna hiyo unaitwa Ceratophyllum, upo tele kwenye ghuba zilizotulia. Kata kipande cha urefu wa kidole kwa wembe, ukikatia ndani ya maji. Kiweke kichwa chini miguu juu kwenye chupa angavu ya maji ya bomba yaliyolala usiku mmoja, utie na soda bikaboneti kidogo, nusu kijiko cha chai (ile ya dukani, siyo hamira wala magadi). Hiyo inaupa mmea kabonidayoksaidi. Toa chupa juani.

Nyuma ya chupa simamisha daftari lenye jalada jeusi. Simu iegemee vitabu, isogeze karibu mpaka ncha iliyokatwa ijae kioo, rekodi. Baada ya dakika chache viputo vinaanza kutoka kwenye ile ncha kimoja kimoja, vinang'aa kabisa kwenye weusi. Funika kwa boksi: vinapungua, vinakoma. Funua: vinarudi. Watoto 80 hawawezi kuizunguka chupa moja, lakini kwenye projekta wote wanahesabu kwa sauti, na mmoja anachora grafu ubaoni. Usiwaambie hiyo gesi ni oksijeni tupu, imechanganyika, ila oksijeni imo kwa wingi.

Sasa sikiliza sana hili: USIWATUME WATOTO ZIWANI. Kichocho huku si hadithi. Aende mtu mzima mwenye mabuti na glavu ndefu, au mwombe mvuvi akuchotee akiwa mtumbwini. Suuza mmea kwa maji ya bomba, ondoa kila konokono, hata wale wadogo kama punje, kwa sababu hao ndio wanaotoa viini vya kichocho. Maji ya ziwa usiyaingize darasani.

Kijana wa Kirumba

Mbona hamjamwambia atumie akili bandia? Inaandika andalio la somo zima huku yeye anakunywa chai 😂

Mzee wa Chaki

Inaandika, ndiyo. Na ikikosea inakosea kwa kujiamini. Itumie kutunga maswali, kisha yasome yote kabla ya watoto kuyaona.

Kizimba cha Sato

Mimi si mwalimu, nafuga sato kwenye vizimba, nimepita tu. Lakini hili somo ndilo linaloamua usingizi wangu. Maji yakiwa ya kijani sana, yale mambo ya kijani nayo yanatumia jua. Mchana ukipima oksijeni iko juu, unafurahi. Usiku jua hakuna, lakini mwani, samaki na bakteria wote wanaendelea kupumua, oksijeni inashuka, mbaya zaidi ni kabla ya alfajiri. Samaki wakianza kuja juu kuhema muda huo, ujue hali si nzuri.

Nasema hivi kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba mimea inavuta hewa chafu na kutoa safi, basi. Hakuna aliyetuambia mimea nayo inapumua usiku na mchana. Madam, ukipata mfugaji karibu mwenye kipimo, mwombe akurekodie namba zake za mchana na za alfajiri. Hayo watoto wa huku watayaelewa, baba zao wako majini.

Madam_wa_Ziwani

Asanteni sana jamani, mzee shikamoo. Swali kwa Dada Maabara: kitabu kinataka nisogeze taa mbali na karibu ili mwanga ubadilike. Umeme ukikatika katikati ya kipindi nafanyaje? Na jaribio la wanga je, nalo nilirekodi?

Dada Maabara

Taa achana nayo, hata ikiwaka inapasha maji joto inakuvurugia. Tumia jua na vipande vya chandarua chakavu. Kivulini mwa tabaka moja, mbili, nne. Mwanga upime kwa simu: shusha programu inaitwa phyphox, ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ni bure na haihitaji intaneti ukishaiweka. Kihisi cha mwanga kiko mbele karibu na kamera ya selfi, usikizibe kwa kidole. Simu za bei ya chini vihisi vyake si sahihi sana, lakini kwa kulinganisha tabaka na tabaka vinatosha.

La wanga ndiyo, lile la kuonyesha chakula ambacho jani limejitengenezea, hilo lirekodi mapema bila wanafunzi, na spiriti ya kulipausha jani usiipashe kwenye moto wa wazi hata siku moja. Chemsha maji, zima jiko, ndipo uingize kopo la spiriti lenye jani ndani ya maji ya moto. Inashika moto kabla hujageuka. Mbele ya darasa bakiza hatua ya mwisho tu, kudondoshea iodini kwenye jani lililokwisha kupauka, walione likigeuka bluu-nyeusi kwa macho yao. Jani liwe laini. La mwembe litakutesa.

Madam_wa_Ziwani

Simu yangu ni iPhone, naona phyphox haionyeshi mwanga.

FundiFlashi

Kwenye iPhone hicho kipimo hakipo, Apple hawaruhusu programu kusoma kihisi cha mwanga. Azima Android ya mwalimu mwenzako ya kupimia, yako ibaki kurekodi viputo.