Papai bichi la kutwanga la Walao: mara ya pili nimeharibu, nakosea wapi?

Mpishi wa Horombo (Moshi, Pasua)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mpishi wa mlimani, mwaka wa kumi na moja huu napanda na kushuka na masufuria. Supu ya Horombo, kambi ya Kilimanjaro kwenye mita 3,720, pale maji yanapochemka mapema na maharage yanakataa kuiva, naipika huku nimefumba macho. Ila kuna chakula kimoja kisichotaka hata moto kimenishinda, tena nikiwa nyumbani kwangu na soko la Mbuyuni liko jirani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana tulishuka na mgeni mmoja, mama wa makamo, mzaliwa wa Laos anayeishi Marekani. Siku sita alikula kila nilichopika bila kulalamika, ila hakuna mlo ambao hakuuliza kama pilipili ipo. Tulipofika chini akasema, kesho zamu yangu. Akaja nyumbani, akaomba papai bichi, kinu na mchi. Papai bichi mimi nalijua kwa kazi moja, kulainisha nyama ya ng'ombe mzee. Yeye akalimenya, akalilaza kwenye kiganja cha kushoto, akawa analipiga kisu kwa urefu, ta-ta-ta-ta, halafu analichonga juu juu, nyuzi zinadondoka kwenye sinia. Mimi nangoja kidole kidondoke, hakikudondoka. Akatwanga na vitu vyake, akatoa kichupa kwenye mkoba, akamimina majimaji ya rangi ya tope ambayo harufu yake ilimtoa mwanangu nje. Dakika kumi, chakula tayari. Jamani! Ukali, uchachu, utamu wa mbali, halafu chumvi ya samaki inakuja nyuma kabisa. Nilikuwa nalia machozi huku naongeza. Alikiita tam mak hung. Akanieleza kwamba tam ni kutwanga, na mak hung ni papai.

Sasa matokeo yangu. Mara ya kwanza nililikwangua papai kwa kikwangulio cha karoti, nikalitia kwenye kinu cha jiwe, nikatwanga kwa nguvu. Likawa uji. Mara ya pili nikatwanga kwa adabu, lakini niliandaa asubuhi tukala saa nane mchana. Kufunua bakuli, maji yamejaa, papai limelegea kama kabichi la juzi. Nilitumia limau, sukari nyeupe, sosi ya soya badala ya yale maji ya tope, na pilipili mbuzi mbili. Mama mkwe alionja kijiko kimoja akauliza, "Hii achari imeharibika lini?"

Naomba msaada, hasa hayo maji ya tope: ni nini, na hapa Moshi naweka nini badala yake? Mke wangu alionja ile ya mgeni, na sasa ana mimba ya miezi mitano, kila siku anaidai.

---

Bibi Ngogwe (Tengeru)

Mdogo wangu mpishi, pole. Umeandika vizuri hadi nimecheka peke yangu kibarazani. Mimi na marehemu mzee wangu tuliishi Vientiane miaka miwili kwa ajili ya kazi yake, na jirani yetu alikuwa na meza ya kuuza hiyo tam. Nilikaa naye jioni nyingi kuliko nilizokaa na mume wangu, Mungu anisamehe.

Nianze na papai, maana hapo ndipo ulipoanza kupotea. Ukilikata, nyama yake iwe nyeupe kabisa na mbegu ziwe nyeupe. Ukiona nyama imeanza rangi ya chungwa, hilo mpe mtoto baada ya siku tatu. Sokoni mara nyingi wanakuuzia lililokomaa kwa sababu wanadhani unataka la kuivisha. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka bichi la kupika, na libonyeze, liwe gumu kama jiwe. Mimi simsumbui mtu, nina mipapai miwili uani. Likishachumwa linatoa utomvu mweupe, huo ndio ulainishao nyama yako, na unawasha mikono. Paka mafuta viganja kabla ya kumenya, halafu lioshe vizuri.

Kikwangulio tupa. Kinakamua papai badala ya kulikata. Fanya kama alivyofanya mgeni wako, au kama unaogopa kidole, kata vipande vyembamba kwa kisu kisha uvikate tena kwa urefu viwe kama njiti za kiberiti. Luang Prabang wanalikata mapana kabisa, kama utepe, kwa hiyo usijione mshamba nyuzi zako zikiwa nene. Loweka kwenye maji baridi sana robo saa, uchuje mpaka pakauke. Nyuzi zitakakamaa na kulia mdomoni.

Kinu cha jiwe nacho hapana. Cha jiwe ni cha kusaga. Kule wanatumia kinu cha udongo, kirefu kwenda chini, na mchi wa mti. Wewe tafuta kile kinu kidogo cha mti cha kutwangia vitunguu saumu, chenye kina. Na hutwangi kama kisamvu! Mkono wa kulia unapiga kwa mchi kidogo tu, mkono wa kushoto una kijiko unageuza kutoka chini kuja juu. Piga, geuza, piga, geuza. Unataka papai lichubuke linywe mchuzi, hutaki life. Jirani yangu alikuwa na mlio wake, pok, pok, pok, nikiusikia kupitia dirishani najua mteja kafika.

Utaratibu: punje moja ya kitunguu saumu (mbili ukipenda), pilipili kichaa, chumvi kidogo na sukari guru kijiko kimoja, hivyo ndivyo unavyoviponda kwa nguvu. Wengi kule hutia na ile chumvi nyeupe ya Wachina ya kukoleza ladha, usijifanye hujui. Kisha maji ya samaki, ndimu na nyanya ndogo ulizozipasua, hapo mkono unapunguza nguvu. Mwisho papai. Onja. Muuzaji mzuri humpa mteja aonje kwenye kijiko kabla ya kumfungia, na kabla ya hapo kamuuliza: pilipili ngapi? Anza na tatu. Pilipili mbuzi iache, ina harufu yake nzuri lakini inatawala sahani nzima. Na NDIMU, si limau.

Ukimaliza mnakula hapo hapo. Chumvi inavuta maji kwenye papai, ndiyo maana bakuli lako lilijaa ziwa. Tam haingoji mtu.

Hayo maji ya tope yanaitwa padaek. Laos haina bahari, kwa hiyo ni samaki wa mito, Mekong na matawi yake, wanaolazwa kwenye mtungi na chumvi na pumba za mchele kwa miezi mingi, wengine mwaka na zaidi. Hapa hutaipata. Mimi nachukua kipande cha ng'onda (samaki mkavu) kinachotosha kiganja, nachemsha na vikombe viwili vya maji mpaka kibaki nusu kikombe, nachuja kwa kitambaa. Naongeza kijiko cha ile sosi ya samaki ya chupa, Arusha mjini inapatikana kwenye maduka yanayouza vyakula vya Wachina. Hutapata padaek, utapata binamu yake. Anatosha.

Halafu kitu ambacho watu hawakijui: kule wanatia maharage marefu mabichi, na hayo maharage marefu ni kunde zile zile zetu, jamii moja, wao wamezilimia maganda. Kwa hiyo vunja maganda machanga ya kunde, yaponde kidogo. Na ngogwe! Wao wana biringanya zao ndogo za mviringo, mimi nakata ngogwe mbichi vipande vinne, uchungu wake unakaa vizuri kabisa na ukali. Sasa umejua jina langu limetoka wapi.

---

Mgosi wa Majengo

Bibi shikamoo. Mimi mtu wa Tanga ninayeishi hapa Moshi, kwenye ng'onda umenigusa moyo. Ila karanga mbona hukuzitaja? Nilikula hiki chakula kwenye mkahawa wa Kithai Dar, kilikuwa na karanga za kukaanga na uduvi mkavu, na hakikuwa na harufu yoyote ya kutoa watoto nje.

---

Bibi Ngogwe (Tengeru)

Marahaba mwanangu. Ulichokula ni som tam ya Kithai, ya Bangkok, tamu zaidi, ina karanga na uduvi. Nzuri, siikatai. Ya Walao haina karanga, ina padaek, na wengine wanatia kaa wadogo wa mashambani waliotiwa chumvi. Jirani yangu nilimtilia karanga mara moja kwa wema, akazitoa moja moja kwa kijiko huku ananitazama. Sijarudia.

---

Kiboriloni Boy

Sasa si tuitengeneze hiyo padaek wenyewe? Kambale na perege wa Nyumba ya Mungu wamejaa, pumba za mchele za Kahe zipo za bure. Mtungi wa mbege wa babu uko tupu tangu Krismasi. Mwaka mmoja tu wakuu, tunamuuzia mpishi.

---

Nesi Mstaafu (Arusha, Sakina)

Wewe kijana wa Kiboriloni uache mtungi wa babu. Kuoza na kuchacha havitofautiani kwa macho, na mimi sitaki kusikia habari za mtungi wako wodini. Hata kule kwao, samaki wabichi wa mito ile wana minyoo wa ini, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishaiweka minyoo hiyo tangu 1994 kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Padaek ikichemshwa, minyoo inakufa. Kwa hiyo njia ya Bibi ya kuchemsha ng'onda naiunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini nimeingia humu kwa jambo jingine, na nashangaa watu wote mmelipita. Mpishi, umesema mama ana miezi mitano. Papai bichi ASILE. Ule utomvu unaolainisha nyama yako ndio ambao wajawazito tunawaambia wakae nao mbali, usije ukachochea tumbo la uzazi kubana kabla ya wakati. Lililoiva vizuri, la njano, hilo ale. Bichi asubiri ajifungue. Usimwonjeshe hata kijiko.

---

Bibi Ngogwe (Tengeru)

Nesi, asante, na naona aibu. Miezi mitano niliisoma nikaipita kwa sababu ya uchu wa kueleza. Mpishi mdogo wangu, usihuzunike. Kule wanatwanga kila kitu. Tango wanatwanga, inaitwa tam mak taeng, mchuzi ni ule ule. Maharage marefu wanatwanga. Hata ndizi mbichi wanatwanga, na nyie watu wa Kilimanjaro mnajifanya mmemaliza matumizi yote ya ndizi! Mama mjamzito mtwangie tango. Likate kwa visu vile vile, toa moyo wenye mbegu maana ndio wenye maji. Pilipili moja, asije akakesha na kiungulia akakulaumu wewe na mimi.

---

Mpishi wa Horombo (Moshi, Pasua)

Wakuu, nimerudi. Nesi, asante sana mama, ningefanya kosa kubwa kwa mapenzi.

Jumamosi nilikwenda Mbuyuni mapema. Papai la kwanza nililipasua pale pale mbele ya muuzaji, mbegu kijivu. La pili mbegu nyeupe kama meno ya mtoto, shilingi elfu moja. Kinu cha mti nilikipata kwa mzee mmoja wa vinyago, kilikuwa cha mapambo kwa watalii, akacheka nilipomwambia nakwenda kukitwangia. Ng'onda nilichemsha nje kwenye jiko la mkaa, jirani wa kushoto akafunga dirisha, wa kulia akaja kuuliza tunapika nini na akabaki.

Nilitengeneza vinu viwili. Cha tango kwa mama, pilipili moja, ngogwe mbili. Cha papai kwa sisi wengine, pilipili kichaa tano, kwa sababu nilijiona nimehitimu. Bibi, ile pok, pok nimeipata. Papai lilikuwa linalia mdomoni. Lakini tano zilikuwa za kiburi. Shemeji alikunywa maji lita nzima, moto ukawa unazidi, mpaka mama mkwe akamletea maziwa mgando, akasema maji hayana mafuta, pilipili haiyaogopi. Sijui kayajulia wapi, lakini dakika mbili shemeji akaanza kuongea tena.

Wali wa kunata, ule wanaokulia Walao, sina; wa Kahe ulikuwa unatapakaa. Tukala na ugali mgumu, unamega, unabonyeza, unachotea. Pembeni kuku wa kuchoma na kabichi mbichi. Nadhani yule mama wa Laos angeielewa.

Mke wangu alimaliza bakuli lake la tango, akanyoosha mkono kwenye la papai. Nikaliinua juu ya kichwa. Ameninunia mpaka leo, ila ameniuliza kinu kimewekwa wapi.

Swali dogo la mwisho Bibi: hiyo ya ndizi mbichi, mishare itafaa au natafuta aina nyingine?

---

Bibi Ngogwe (Tengeru)

Mishare sijaijaribu, nina ndizi za kuiva tu hapa. Chukua changa, menya chini ya maji utomvu usikunase, kata vipande vyembamba na uviloweke kwenye maji ya ndimu na chumvi visije vikawa vyeusi vyote. Onja kipande kimoja kabla ya kutwanga. Kikikukaba ulimi, loweka tena. Kisha uje utuambie, na pilipili ziwe tatu.