Mjadala: Tufute jina na teritwari kwenye CV, au tuiachie mashini ichuje dosie?

Mfungua mjadala, Lubumbashi
Kazi ikitangazwa mgodini, dosie za waombaji zinajaa mezani na wasomaji ni wachache. Majina yakitoka, wimbo ni uleule: wamechukua ndugu zao. Kuna wanaosema tufute jina, picha, hali ya ndoa na teritwari ya asili, yaani sehemu ya jimbo ukoo unakotoka. Wengine wanasema mashini, yaani programu ya kompyuta, haina kabila, basi ichuje yenyewe. Mwenye hoja alete, matusi abaki nayo nyumbani.

Fundi wa takwimu, Kasapa
Mashini haina kabila, kweli. Na mwalimu wake je? Programu ya kuchuja inafundishwa kwa dosie za zamani: hawa walipata kazi, hawa walikosa, tafuta kinachowatofautisha. Kama mkuu wa kitengo alikuwa akichukua watu wa kwao miaka yote hiyo, hicho ndicho inachookota, kisha inakirudia kwa maelfu ya watu kabla ya saa sita mchana. Kompanyi ya Amazon yaliwakuta. Programu yao ilifundishwa kwa CV za miaka 10, nyingi za wanaume, ikaanza kushusha alama za CV zilizotaja vyama au vilabu vya wanawake. Hakuna mtu aliyeiagiza kufanya hivyo. Waliiacha, na shirika la habari la Reuters wakaitoa habari hiyo Oktoba 2018.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kununua programu ni hili: imefundishwa kutabiri nini? “Nani aliajiriwa” inakurudishia mazoea ya waajiri. “Nani alipewa alama nzuri na mkubwa wake” inakurudishia macho ya mkubwa. “Nani alibaki kazini miaka 2” inaonekana safi, lakini aliyeondoka huenda alichoshwa na kikosi ambamo wote walikuwa wa kijiji kimoja isipokuwa yeye. Marekani, utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta programu ya hospitali inapima ugonjwa kwa kuangalia gharama za matibabu. Matibabu ya wagonjwa weusi yalikuwa yanagharimu pesa kidogo kuliko ya weupe wenye ugonjwa uleule, basi programu ikawaona weusi wazima zaidi. Rangi haikuwamo kabisa kwenye data.

Tuje kwa jina. Hapa kwetu jina linasema kuliko picha. Tshibangu na Kibangu ni kiambishi kilekile, “tshi-” kwa Waluba wa Kasai, “ki-” kwa Waluba wa Katanga, na msomaji ameshakupangia mahali pako kabla hajafika kwenye diploma. Haya, lifute. Bado kuna mstari wa lugha: Tshiluba, Kibemba, Kisanga. Kuna lise (sekondari) ya wasichana. Kuna komine, sehemu ya mji unakoishi. Kuna anwani ya barua pepe, na jina la faili lenyewe. Kuna hata herufi moja ya Kifaransa: “né à Likasi” (amezaliwa Likasi) ni mwanaume, “née à Likasi” ni mwanamke. Mtu anaweza kuiruka hiyo “e”. Mashini hairuki kitu.

Mama wa ofisi ya wafanyakazi, Kampemba
Fundi, ukweli umesema, lakini usitufunge mikono. Kuficha kunawezekana, tatizo watu wanaficha vibaya. Wanapaka wino mweusi juu ya CV. Inua karatasi hiyo dirishani, jina lote linasomeka. Au wanaweka kisanduku cheusi juu ya PDF. Mtu anakopi maandishi, anayabandika pengine, jina hilo hapo.

Achaneni na CV. Toeni fomu moja kwa wote: vyeti, leseni na daraja lake, miaka ya kazi kwa aina ya mashini, maswali mawili matatu ya kazi yenyewe. Karani mmoja anapokea, anaandika namba, daftari la majina linafungwa kabatini, na karani huyo hakai kwenye kamati. Daftari linafunguliwa baada ya orodha fupi kusainiwa.

Lakini jina linarudi mtu akigonga mlango. Kwa hiyo maswali ya mahojiano yawe yaleyale kwa kila mtu, 6 yanatosha, na alama 1 hadi 5 ziandikiwe maana yake mapema. Kwa shoferi wa kamio: “Umebeba tani 30, uko kwenye mteremko, breki zinaanza kupoteza hewa. Unafanya nini, kwa mpangilio?” Anayepata 5 anataja gia ya chini na breki ya injini, anaita kwa redio, anaelekeza gari kwenye tuta la usalama. Anayepata 1 anasema atakanyaga breki, basi. Kila mpimaji anaandika alama yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, na mwenye cheo kikubwa anasema wa mwisho. Akianza yeye, wengine wote wanakubali kwa kichwa.

Kijana wa sibakafe (duka la intaneti), komine ya Kenya, hapa Lubumbashi
Kuna kitu hamjakigusa. Dosie nyingi zinapigwa picha kwa simu, zimepinda pembeni, kivuli cha mkono juu yake. Programu inasoma ukurasa mtupu, inatoa sifuri, na mwombaji haambiwi kwamba kilichoanguka ni picha. Skani iwe nukta 300 kwa inchi. CV yenye safu mbili nayo inasomwa mstari kwa mstari kuvuka ukurasa mzima, miaka ya kazi inachanganyika na namba ya simu. Barua ya mkono ndiyo kabisa. Huo nao ni upendeleo, wa mwenye kompyuta juu ya asiye nayo.

Mzee wa Kambove
Nyinyi watu wa mjini mnafuta teritwari kirahisi sana. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa 2018 inadai kompanyi isaini na jamii zinazozunguka mgodi daftari la masharti, yaani makubaliano ya kile itakachozifanyia. Vumbi tunakula sisi, mashamba yamekwenda. Mkificha mtu anatoka wapi, kijana wa kijiji cha jirani ataonekanaje? Usawa wa namna hiyo unamfaa aliyesoma mjini.

Mwanasheria, Kamalondo
Papa, hoja yako ina uzito, ila tutenganishe mambo mawili. Teritwari ya asili ni ya babu. Makaazi ni pale unapolala leo. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa kabila, asili ya familia au makaazi, na kifungu cha 36 kinasema hakuna anayepaswa kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili yake. Makaazi nayo yametajwa humo, kwa hiyo ukitaka kutimiza daftari la masharti, tangaza wazi kwamba nafasi kadhaa ni za wanakijiji kwa sababu wameathirika na mgodi, si kwa makaazi tu, omba cheti cha makaazi, na kila anayeishi pale ahesabiwe, hata kama babu yake alitoka Kananga kule Kasai.

Mzee wa Kambove
Kwenye karatasi, sawa. Cheti cha makaazi kinauzwa kwa matabishi, hongo hiyo, na unajua.

Mpinzani, Bel-Air
Mimi sikubali kuficha hata kukifanywa vizuri. Wafaransa walijaribu CV zisizo na jina, matokeo yakatoka 2011: katika kompanyi zilizoshiriki, waombaji wenye asili ya uhamiaji walipungukiwa na nafasi ya kuitwa mahojiano. Kompanyi zilikuwa zimejitolea zenyewe, huenda hazikuwa na ubaguzi mkubwa, na huenda jina lilipofichwa msomaji hakuweza kuelewa kwa nini mtu ana pengo la miaka kwenye kazi. Mwombaji aliyekimbia vita akapoteza miaka 3, kwenye fomu ya mama anaonekana mvivu tu.

Mama wa ofisi ya wafanyakazi
Hapo umenigusa. Basi fomu isiulize tarehe za kuanza na kuacha, iulize jumla ya miaka ya kazi.

Fundi wa takwimu
Bila kupima tutabishana hadi kesho. Wamarekani walitoa kipimo cha 80% mwaka 1978. Tuseme wameomba wanawake 120, wamepita 18, yaani 15%. Wanaume 280, wamepita 70, yaani 25%. Gawanya 15 kwa 25: 0.60. Ikishuka chini ya 0.80, simamisha na utafute ni hatua gani iliyowaangusha. Wakiwa wanawake 5 tu usikitumie, mtu mmoja peke yake anapandisha au kushusha 20%.

Mwanasheria
Kwa jinsia, sawa. Kwa asili, utahitaji orodha ya nani anatoka wapi. Katika Katanga hii iliyowaona watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa 1992 na 1993, nani atakubali orodha hiyo ikae ndani ya kompyuta ya kompanyi?

Fundi wa takwimu
Haihitajiki. Chukua dosie 200 za zamani, ondoa majina ya kweli, weka ya kubuni, kisha kila moja itengenezee pacha anayetofautiana kwa kitu kimoja: “Tshi-” iwe “Ki-”. Pitisha zote 400 kwenye programu. Alama zikiegemea upande mmoja, jina linasomwa. Duru ya pili badilisha komine tu, ya tatu ile “e”. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua mwenye kosa. Njia inayofanana na hiyo ilitumiwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, Marekani: CV karibu 5,000 za kubuni, majina yanayosikika ya kizungu yakaitwa kwa 50% zaidi ya yale ya Wamarekani weusi, matokeo yakachapishwa 2004. Haki ya kupitisha hizo 400 iandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza, maana muuzaji akishalipwa hafungui mlango.

Mzee wa Kambove
Na shoferi anayehojiwa kwa Kifaransa kwa kazi itakayofanyika kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho? Pacha wake mtamtengeneza vipi?

Mama wa ofisi ya wafanyakazi
Huyo apimwe juu ya kamio, papa. Dakika 40, karatasi ya alama mkononi, na anayempima asiwe ameiona fomu yake.