Naomba ushauri: kuanzisha bendi ya skauti

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa. Ni mlezi wa skauti wa sekondari moja hapa Morogoro. Tunaanzisha bendi ya gwaride, vijana wana hamu kwelikweli ila hakuna aliyewahi kupuliza chombo. Tumepewa tarumbeta sita, trombone mbili, ngoma kubwa moja na ndogo nne, vyote mtumba. Pistoni (vile vitufe vya kubonyeza) za tarumbeta zilizokuwa zinakwama nimezisafisha na kuzitia mafuta.

Nimeanza na ngoma, na wapigaji sasa wanashika mwendo wa hatua 120 kwa dakika bila kuharakisha mapigo. Shida ni wapulizaji. Wanakandamiza chombo mdomoni, mashavu yanavimba, na baada ya muda mfupi sauti inakata. Binti mmoja tu wa kidato cha pili ndiye anayetoa sauti safi, tena bila kujikamua. Wengi ni wanakwaya, solfa (do, re, mi) wanaisoma vizuri, lakini nota za mistari mitano hawazijui kabisa.

Niendelee na solfa mpaka waweze nyimbo mbili tatu, au niwaingize kwenye nota mapema? Na waanze lini kupuliza huku wanatembea? Naogopa wasiumie midomo. Aliyewahi kufundisha vijana wa umri huu anisaidie tafadhali.