Mrejesho: jumuiya yetu iliyopoa, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza tufanyeje jumuiya yetu ya mtaa ifufuke, maana tulibaki akina mama wanne na rozari zetu. Mlisema tuache kusubiri watu, tuwafuate.

Tulianza na bibi mmoja mjane, hajaonekana tangu Pasaka. Tulimkuta anapuliza kuni mbichi, moshi umejaa, makuti yanavuja juu ya kitanda. Hatukuhubiri. Tulifagia, tukamtekea maji, tukasali tendo moja tu la rozari. Jumamosi tukarudi na makuti, na aliyepanda kuezeka ni jirani yake Mwislamu; hakutaka hata senti tano. Nililia. Misheni ya hapa ilianza mwaka 1868 ikiwapokea waliokombolewa utumwani, nasi tulikuwa tumejifungia na vitabu vya nyimbo!

Sasa tunasali kila Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Wiki jana tulikuwa kumi na tisa, wanaume sita. Vijana bado hawaji, na hilo linaniuma. Ila bibi ndiye anayetuanzishia nyimbo. Mlionishauri tuwafuate watu, Mungu awabariki sana.