Makampuni ya kusafisha mazulia Dar: mnalipisha mashine ya kunyanyua manyoya, mnaleta dude la kupigia sabuni!

Wakuu, salamu kwenu. Naandika nikiwa na hasira. Jina la kampuni sitalitaja, wala la msikiti, kwa sababu suala bado liko mezani kwa kamati. Lakini mchezo wenyewe nitauanika wote, maana nimeshasikia kwa wenzetu wa misikiti mingine, wa mahoteli na hata wa kumbi za harusi kwamba wamefanyiwa hivi hivi.

Kabla ya Ramadhani kamati iliamua zulia la msikiti lisafishwe kitaalamu. Ni zulia la Kituruki, la manyoya ya kukatwa (yaani nyuzi zimesimama na ncha zake zimekatwa), lenye mistari ya safu, na miaka yote limekuwa likipitiwa na vakyumu ndogo ya nyumbani. Safu za mbele manyoya yamelala chapati. Pale watu wanaposimama kuna njia ya kijivu, na pale vipaji vya uso vinapogusa kuna weusi wa jasho na mafuta ya manukato. Kampuni ikaja kukagua. Wakapiga magoti, wakachanua manyoya kwa vidole, na wakatuambia wenyewe bila sisi kuwauliza: zulia hili limeshiba mchanga, haliwezi kuanza na maji, lazima kwanza ipite mashine nzito ya kunyanyua manyoya. Kwenye kotesheni kikawa ndicho kipengele cha kwanza, na bei yake peke yake, na ndicho kilichowafanya wawe ghali kuliko wengine wote walioleta bei. Tuliwachagua kwa sababu ya kipengele hicho.

Siku ya kazi kirikuu ikashusha mashine ya duara ya kusugulia sakafu, ndoo, na dumu la shampuu. Basi.

Nikamuuliza supavaiza, kijana wangu, ile mashine tuliyokubaliana iko wapi? "Mzee, ile iko saiti nyingine, ila hii nayo inafanya kazi ile ile." Nikamwambia asubiri nimpigie bosi wake. Simu haikupokelewa, na nilipogeuka vijana walikuwa wameshamwaga sabuni karibu na mihrabu.

Haifanyi kazi ile ile! Na anayesema hivyo ama haijui kazi yake, ama anajua na anakuibia. Mashine ya kunyanyua manyoya, ambayo mafundi huiita paili lifta, ina brashi nene inayozunguka kwa nguvu ya mota yake yenyewe, halafu kuna mota nyingine kwa ajili ya kufyonza tu. Ni nzito, baadhi zinafika kilo 40 na kuzidi, na uzito huo una kazi yake: brashi inazama hadi kwenye mashina ya manyoya badala ya kurukaruka juu juu. Inapovutwa taratibu kinyume na manyoya yalivyolala, manyoya yanasimama, mchanga uliokwama chini unatikisika na kufyonzwa hapo hapo. Baada ya hapo ndipo sabuni inafika inakotakiwa kufika, na maji ya kusuuza yanapata njia ya kutoka.

Mashine ya duara haifyonzi chochote. Inazunguka ikiwa imelala, inasokota ncha za manyoya na kusukuma sabuni chini kwenye mchanga. Mchanga na vumbi vikilowa ni tope. Kwa hiyo tumelipa hela ili vumbi lililokuwa linaweza kutoka likavu ligeuzwe tope ndani ya zulia letu.

Mafundi wa kazi hii hufundishwa kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mkavu. IICRC, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1972 na inayotoa vyeti kwa wasafishaji, kwenye kiwango chake cha usafishaji wa mazulia, S100, inaweka uondoaji wa uchafu mkavu kabla ya kazi ya maji. Herufi hizo hizo kampuni hii imezipiga chapa kwenye fulana za vijana wake! Mnavaa kifuani kitu ambacho mkifika kazini mnakikanyaga?

Na mchanga si jambo dogo. Punje zake zina kona kali, kila mtu akikanyaga zinakwaruza nyuzi kuanzia chini. Ule ukijivu wa njia ya miguu, sehemu yake huwa si uchafu tena, ni nyuzi zilizokwaruzwa, na hakuna sabuni itakayozirudisha. Msikitini kuna la ziada: watu wanatoka kutawadha na miguu mibichi, vumbi linashikana na maji, manyoya yanagandamana. Zulia la aina hii ndilo linaloihitaji mashine ile kuliko zulia lolote la sebuleni.

Matokeo yake? Zulia halikukauka usiku ule wala kesho yake, na unyevu wa Dar mnaujua. Wazee waliswali Alfajiri kwenye mikeka barazani. Waliong'ang'ania ndani waliinuka na kanzu zimelowa magotini. Ikaja harufu. Na lilipokauka, njia za kijivu zikarudi kama zilivyokuwa, kwa sababu maji yaliyobaki chini yakikauka hupanda na uchafu hadi kwenye ncha. Juu yake kuna mabaki ya shampuu, yananata, yanadaka kila vumbi linaloingia mlangoni.

Tukakunja kona moja upande wa mlango, zulia "lililosafishwa", tukalipiga mgongoni kwa kiganja. Ukamwagika mchanga kwenye vigae, mwingine umeshikana vidonge vya tope, na ndani yake nywele na vijiti vya mswaki wa mti. Nikapiga picha, nikamtumia bosi. Jibu: "Mzee, mchanga msikitini hauwezi kuisha." Ndugu yangu, kwenye kotesheni yako uliandika nini?

Alipobanwa akabadili maneno. Sasa anasema zulia ni la zamani, mashine ingelichana. Ni kweli yapo mazulia hayafai kupitishwa mashine hiyo. Ya vitanzi, yaani ambayo nyuzi zake hazikukatwa ncha, kama mengi ya maofisini, brashi ikinasa kitanzi kimoja kilicholegea inaweza kuvuta uzi mrefu. Ya kufumwa kwa mkono, yale ya Kiajemi, hayataki brashi kali kabisa. Wala hakuna mashine inayofufua nyuzi zilizokwisha. Lakini letu ni la manyoya ya kukatwa, na walilikagua wao, kwa magoti yao, wakaandika wao. Kama lilikuwa halifai, kwa nini mliweka bei? Na kama lilikuwa linafaa, mashine iko wapi? Wachague moja.

Kinachoniumiza zaidi ni hela yenyewe. Haikutoka mfukoni mwa tajiri. Ni za Ijumaa, mia tano na elfu elfu, za mama ntilie na mwendesha bodaboda aliyesimamisha chombo nje akaingia kuswali. Ukiila hela hiyo kwa kazi ambayo hukuifanya, mimi siwezi kuiita "changamoto ya saiti".

Kamati imezuia malipo yaliyobaki, na hayatatoka. Tumewaandikia warudishe hela ya kipengele cha kwanza au walete mashine, wafyonze, kisha wasuuze zulia lote kwa maji safi na kuyafyonza, na safari hii waje na feni za kukaushia.

Nanyi mlioko kwenye kamati, mahoteli na maofisi: msikubali kutishwa na maneno ya kitaalamu. Mwambieni fundi aipitishe mashine kwenye kipande kidogo mbele yenu siku ya ukaguzi, kisha afungue mfuko wa vumbi muuone. Mashine isiposhuka garini, sabuni isifunguliwe, na mtu wenu asimame mlangoni. Kipengele cha mashine kilipwe baada ya kuiona ikifanya kazi, si kabla.

Kama kuna mdau hapa Dar anayo mashine hii kweli, inayowaka, na yuko tayari kuijaribu kwenye safu yetu ya nyuma kabla ya kuzungumza bei, aje inboksi. Na waliowahi kufanyiwa kama sisi waandike hapa chini ilikuwaje, nataka nichapishe majibu niyaambatanishe kwenye barua ya kamati.